Maharage ya Mwanjelwa au pakiti ya dukani? Tathmini ya mbegu na vifaa vya bustani ya darasa la awali

Mwalimu wa awali anayeanzisha kona ya bustani Mbeya, Iringa au Njombe ana mahali patatu pa kununua: kwa wauza nafaka sokoni, kwenye duka la pembejeo, na kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara. Bidhaa za pote patatu tumezipima kwa swali moja: mtoto wa miaka minne anaweza kuishika mbegu hii, kuipanda na kuiona ikiota, bila kudhurika na kabla hajachoka kungoja? Kwa kipimo hicho, maharage ya kupimiwa, yale yale ya mboga yanayouzwa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya au Soko Kuu la Iringa, yanaishinda karibu kila pakiti iliyoko dukani.

Tuanze na pakiti, maana ndipo penye hatari. Mbegu za mahindi chotara, na hata baadhi ya mbegu za maharage na mboga, huuzwa zikiwa zimepakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu. Rangi ya pinki, nyekundu, kijani au buluu inayozifunika huwekwa makusudi ili mtu mzima ajue kwamba punje hizo haziliwi. Mtoto hajui hivyo. Kwake punje ya pinki ni pipi. Darasa lenye watoto arobaini na mwalimu mmoja halina jicho la kufuata kila mkono unaoelekea mdomoni. Wapo wanaoshauri kuziosha kwanza. Ushauri huo ni mbaya: dawa imegandishwa kwenye ganda, haitoki yote, na maji ya kuoshea yenyewe yanakuwa sumu ndani ya beseni la shule. Punje yenye rangi isiyo yake isiingie darasani, hata kwa kuonyesha tu.

Vipakiti vidogo vya chainizi, sukuma wiki, mchicha na karoti ni habari nyingine. Vingi havina dawa, lakini si vyote, kwa hiyo geuza pakiti usome nyuma kabla ya kulipa. Tafuta pia lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu nchini, na uangalie tarehe. Kasoro ya mbegu hizi kwa watoto ni udogo. Gramu moja ya mchicha ina punje zaidi ya elfu moja, na kidole cha mtoto kikichota mara moja tu, mamia yanaangukia mahali pamoja. Yanaota kama manyoya, yanabanana, hewa haipiti, na siku ya nane au ya kumi vishina vinalegea usawa wa udongo na kulala chini. Huo ni kinyausi, na watoto watadhani wameua mimea yao. Dawa yake ni kuchanganya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na kikombe kimoja cha mchanga mkavu, kisha watoto wanyunyize mchanga. Ukifanya hivyo, pakiti ya chainizi inakuwa ununuzi mzuri kwa tuta la nje: majani ya kwanza huchumwa kama wiki tano baadaye. Kwa kona ya ndani ya darasa haifai, kwa sababu hakuna cha kuona kwa macho ya mtoto mpaka majani yatoke.

Sasa maharage. Punje ni kubwa, mtoto anaishika kwa vidole viwili bila kuiangusha. Ina kovu jeupe pale iliposhikana na ganda la nje lililoibeba shambani, na watoto hulitambua haraka ukiwaambia ni kitovu. Ina ganda linalovulika baada ya kulowekwa, na ndani yake kuna nusu mbili zenye mmea mdogo uliolala katikati, wenye vijani viwili vinavyoonekana bila kioo cha kukuzia. Hakuna mbegu nyingine ya bei hiyo inayojieleza namna hiyo. Na nyanda hizi zimebarikiwa kwa rangi: njano, kablanketi yenye michirizi ya zambarau, nyekundu, nyeupe. Nunua viganja vinne vya aina nne na umeshapata somo la kupanga na kuhesabu kabla hujagusa maji.

Kiasi: punje mia moja za maharage ya wastani zina uzito wa gramu 40 hadi 50. Watoto 40 wakipewa punje tatu kila mmoja wanatumia 120, yaani gramu 60 hivi. Robo kilo inatosha darasa zima na akiba ya kurudia mara tatu.

Jinsi ya kununua ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu muuzaji anauza chakula, hauzi mbegu. Usimuulize kama yataota. Muulize kama yanaiva upesi. Hilo analijua, na maharage yanayosumbua jikoni mara nyingi ni ya zamani, yaliyokaa ghalani msimu mzima, ambayo pia huota kwa shida. Chukua yanayong'aa, yasiyo na tundu. Punje iliyobunguliwa inaweza kuota, lakini hutoa mche kilema. Kisha paka kiganja chako kwa kiganja cha maharage na utazame: ukibaki na unga mweupe au wa kijivu wenye harufu, huenda yamenyunyiziwa dawa ya unga ya kuhifadhia. Hayo yaache. Hata yale yasiyo na unga yaoshe kwa maji mawili kabla ya kuyafikisha kwa watoto. Ukifika nyumbani, viringisha punje kumi kwenye kitambaa kibichi na uzifungue baada ya siku tano. Zikiota nane au zaidi, darasa lako liko salama. Zikiota tano, rudi sokoni; nusu ya punje za darasa kutoota ni nyingi mno.

Tahadhari mbili. Maharage mabichi yana sumu ya asili inayoondolewa na kuchemshwa sawasawa. Punje chache tu za maharage mekundu zikitafunwa mbichi zinaweza kumtapisha mtoto. Na punje ikisukumwa puani hunywa unyevu, huvimba na kukwama. Kwa hiyo kila mtoto hupewa punje tatu zilizohesabiwa, na punje tatu hurudi au huonekana zimepandwa. Kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, punje ibaki mikononi mwa mwalimu.

Chombo kizuri kuliko vyote hakiuzwi: ni chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Kata bega lake kwa kisu chenye moto kidogo ili ukingo usiwe mkali, au uzungushie gundi ya karatasi. Vioo viachwe jikoni. Kunja karatasi ya chooni tabaka nne au tano, izungushe ndani ikigusa ukuta, kisha jaza katikati mchanga safi au karatasi iliyofinyangwa ili tabaka libaki limebana. Maharage yaliyolowekwa usiku mmoja, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, yanasukumwa kati ya karatasi na ukuta, sentimita nne chini ya ukingo, kimoja kimesimama, kimoja kimelala, kimoja kimepinduliwa kichwa chini. Mimina maji mpaka yafike sentimita mbili kutoka kitako, basi. Karatasi itayapandisha yenyewe.

Januari, darasa lenye jua la asubuhi, mzizi mweupe hutokeza siku ya tatu au ya nne. Siku chache baadaye shina linajikunja kama ndoano na kuibeba punje nzima juu. Hapo ndipo pa kukaa na watoto. Waache wakague kwamba punje zote tatu, hata ile iliyopinduliwa, zimepeleka mzizi chini. Kisha laza chupa moja ubavu kwa siku mbili: mzizi utapinda kuelekea chini upya. Mtoto wa miaka mitano akishaliona hilo kwa macho yake, hahitaji kuelezwa kwamba mmea unajua ardhi iko wapi.

Yanayoharibika ni machache na sababu zake zinajulikana. Harufu mbaya siku ya nne maana yake maji yalifika kwenye punje. Mbegu inapumua, ikizama inaoza. Pamba ya dukani huleta tatizo hilo hilo kwa sababu inashika maji mengi kuliko karatasi, ndiyo maana hatuipendekezi ingawa wengi huitumia. Kuloweka saa 24 au zaidi hupasua punje. Ukungu mweusi kwenye ganda mara nyingi ni wa punje iliyovunjika. Itoe mapema, usingoje iambukize jirani zake. Shina jembamba, refu, lililopauka linatafuta mwanga. Sogeza chupa dirishani na uigeuze kila siku. La mwisho husahaulika na wengi: chupa haina chakula. Nusu mbili za punje zikishanyauka, mche unaanza kufa. Hamisha siku majani mawili ya kwanza yanapofunguka, karibu siku ya kumi na mbili, ukiupanda pamoja na karatasi iliyoshikana na mizizi. Kuivuta karatasi hukata mizizi midogo.

Urefu upimwe kwa uzi. Kila baada ya siku mbili kata uzi sawa na mche, bandika kwenye boksi lililokunjuliwa, na pembeni yake ubandike uzi wa siku inayofuata. Mtaala wa Elimu ya Awali wa mwaka 2016 uliweka kutunza mazingira na stadi za awali za kihisabati miongoni mwa umahiri wa kujengwa, na mistari hiyo ya uzi inahudumia yote mawili bila mtoto kuandika tarakimu hata moja. Majina ya mimea yasemwe pia kwa lugha za nyumbani, Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga, kwa sababu mtoto anayejua jina la boga kwa bibi yake ana la kuchangia.

Kinachoyashinda maharage ni baridi. Chini ya nyuzijoto 10 karibu hayaoti, na Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya hapo. Makete na Njombe huweza kupata jalidi. Muhula wa Julai ukiwa unaanza, mwalimu anayerudia somo la Januari atapata chupa zilizooza na watoto walionyong'onyea. Badilisha mbegu: njegere kavu nzima na ngano. Zote mbili huota kwenye baridi ambayo maharage hayaivumilii. Angalia tu kwamba njegere haijapasuliwa wala kumenywa, na usinunue zile mbichi za kijani za kwenye maganda ukitegemea ziote, hazijakomaa. Njegere ina jambo la ziada la kuvutia: punje yake hubaki chini udongoni na shina pekee hupanda, tofauti na maharage. Weka chupa mbili sambamba na uwaulize watoto punje imekwenda wapi.

Mbegu nyingine za sokoni tutazipitia haraka. Maboga: bora baada ya maharage, mche mnene wenye nguvu, ila unahitaji nafasi kubwa nje. Alizeti: nzuri mno, mtoto anaweza kuuona mche ukimpita urefu ndani ya miezi miwili ya mvua, hakikisha hazijakaangwa. Karanga: zinataka joto, kwa Mbeya na Iringa huchelewa. Kiazi mviringo si mbegu ya ua lakini kinastahili kuwepo, kwa kuwa kila jicho linatoa chipukizi na watoto wanaweza kuyahesabu macho; kilichogeuka kijani kiondolewe, kina sumu. Parachichi, fahari ya Njombe na Rungwe, linaudhi kwa somo hili: kokwa huchukua wiki nyingi kabla ya kupasuka. Liweke pembeni kama jambo la muda mrefu, lisiwe ndilo somo.

Kuna mbegu mbili zisizotakiwa hata kwenye trei ya kupambanisha rangi: mbarika, ambayo ina madoa mazuri yanayovutia watoto na sumu inayoweza kuua, na mbono kaburi. Zote mbili zinaota ovyo kando ya nyumba nyingi, na watoto huziokota wenyewe wanapotumwa kuleta mbegu kutoka nyumbani. Ukitoa kazi hiyo, pokea mbegu mlangoni na uzichambue wewe.

Kuhusu vifaa, seti za plastiki za watoto zenye koleo, reki na ndoo ndogo zinazouzwa kwenye maduka ya vinyago hatuzipendekezi kwa udongo wa huku. Udongo mwekundu wa Iringa ukikauka ni kama tofali. Koleo la plastiki hupasuka kwenye shingo na kuacha ncha kali. Kijiko cha chuma cha kulia chakula kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na kinamtosha mtoto kiganjani. Kwa kina cha kupandia, kata kijiti na ukichore alama sentimita tatu kutoka nchani: mtoto anatoboa mpaka alama, anaweka punje, anafunika.

Keni kubwa ya kumwagilia ya lita 10 ni ya mwalimu. Ikijaa ina kilo 10 na zaidi, na mtoto wa miaka mitano mwenyewe ana kilo kumi na kitu. Ataiburuta juu ya tuta. Kifaa sahihi ni kidumu cha lita moja cha mafuta ya kula chenye mkono. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi uishe. Pasha msumari mwembamba wa inchi moja na nusu ukiwa umeubana kwa plaizi, toboa kifuniko matundu kumi. Kisha toboa tundu moja juu ya mkono wa kidumu, na hilo ndilo watu hulisahau: bila tundu la hewa, maji hutoka kwa kukoroma na kwa mshtuko, yanachimba mbegu badala ya kuzinywesha. Msumari mnene wa kuezekea hutoa matundu makubwa mno. Vidumu sita vinatosha darasa la watoto 45 wakifanya kazi kwa makundi. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya shamba kisitumike, hata kikioshwa mara kumi.

Trei za miche za vishimo 200, ambazo maduka ya pembejeo husifia sana, ziachie wakulima wa nyanya. Kishimo ni kidogo kuliko kidole gumba, kinakauka kufikia mchana, na Jumatatu baada ya mapumziko ya wiki utakuta vumbi. Viriba vya miche vya upana wa kiganja ni bora mara nyingi na ni rahisi: kila mtoto kimoja, chenye jina lake.

Udongo wa viriba: ndoo tatu za udongo wa juu, ndoo mbili za samadi iliyoiva, ndoo moja ya mchanga. Samadi iliyoiva ni nyeusi, baridi, haina harufu ya zizi. Iliyo mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka siku mbili kabla, upoe, ndipo watoto waguse. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, na viatu vivaliwe bustanini.

Tuta la nje liwe na upana wa sentimita 70, lisizidi hapo, kwa sababu mkono wa mtoto hufika nusu yake kila upande. Tuta la kawaida la mita moja au zaidi huwalazimisha kukanyaga ndani. Maharage yapandwe mistari ya sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 20, punje mbili kila shimo. Zungushia miiba au wavu kabla ya kupanda, kuku hawangoji. Asubuhi ukikuta miche imekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe, ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua pembeni utamkuta amejikunja. Vile vichwa vya chupa ulivyokata mwanzoni sasa vina kazi: ondoa vifuniko, chomeka kila kimoja kuzunguka mche, sentimita tatu ndani ya udongo.

Vitalu vya kando ya barabara vinafaa kwa jambo moja, kuziba pengo. Tuta likiharibika, miche 20 ya sukuma wiki huokoa muhula. Chagua mifupi yenye shina nene na majani manne au matano, pindua jani uangalie vidukari, na kataa mirefu iliyokonda hata ikiwa ya bei ya chini. Usiache watoto wachague maua peke yao huko. Manyara ni ya uzio, utomvu wake huunguza macho.

Maharage yaliyopandwa Januari hukomaa Aprili, kabla watoto hawajafunga shule. Acha maganda ya mashina matano bora yakauke yakiwa shambani, wayapukuchue wenyewe, na uanike punje mpaka ukucha usiweze kuacha alama. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo kablanketi itazaa kablanketi. Zihifadhi kwenye chupa kavu pamoja na majivu yaliyochekechwa, kifuniko kimekazwa, na uandike juu yake aina, mwezi na jina la darasa. Mbegu za Januari ijayo zitakuwa zimo humo.